Yungiyungi: Historia ya Mmea wa Majini na Matatizo ya Jina Lake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mtu anayeshughulika na istilahi, ile ya kuthibitisha majina ya mimea huonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Hudhaniwa kwamba mmea ni kitu cha kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, na kwamba kwa hiyo jina lake haliwezi kuleta mabishano kama yaletwayo na maneno ya sheria, siasa au uchumi. Uzoefu wetu ni kinyume cha hayo, na tunaona ni haki tuanze kwa kueleza kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita uliletwa mezani kwetu mswada wa tafsiri ya waraka uliohusu usafishaji wa mabwawa na kingo za maziwa. Waraka huo uliwataka wananchi waung'oe na kuuteketeza mmea mgeni unaoziba njia za maji, na mfasiri alikuwa ameuita mmea huo "yungiyungi". Tuliusoma, tukasahihisha upatanisho wa kisarufi katika sentensi mbili tatu, tukauidhinisha. Kosa halikuwa la mfasiri peke yake. Alikuwa amelitoa jina hilo katika orodha tuliyoitunga sisi, ambamo mimea ya majini yenye maua ya buluu na ya zambarau ilikuwa imekusanywa chini ya neno moja.

Kabla waraka haujapigwa chapa, alifika ofisini mwalimu mmoja mstaafu, bibi aliyekulia katika bonde la mto unaofurika kila masika. Aliuona mswada juu ya meza, akausoma akiwa amesimama, kisha akauliza: "Wanangu, yungiyungi limewakosea nini? Bibi yangu alitulea kwa viazi vyake mwaka wa njaa." Tulimjibu kwa heshima kwamba waraka ulikusudia mmea mwingine. Akasema: "Najua kuwa mmea ni mwingine. Lakini jina ndilo hilohilo, na mtu akiagizwa kung'oa ataangalia jina aliloandikiwa." Hatukuwa na jibu. Mswada ulirudishwa kwa mfasiri siku ileile.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya mmea huo kama chakula, safari ya majina yake katika lugha mbalimbali, na namna jina lake la Kiswahili lilivyokuja kuchanganywa na la mmea usiohusiana nao. Hoja yetu kuu ni kwamba jina la mmea haliutambulishi mmea tu, bali pia hupitisha hukumu. Likitumiwa vibaya, huweza kukigeuza chakula cha watu kuwa gugu.

Yungiyungi ni mmea gani?

Yungiyungi ni mmea wa jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Nymphaea. Huota katika maji yaliyotulia au yaendayo polepole: mabwawa, malambo, vinamasi, na pembe za maziwa zisizopigwa na mawimbi. Mizizi yake hushika tope la chini, na humo chini hukaa kiazi. Kutoka kwenye kiazi hupanda vikonyo virefu hadi juu ya maji. Jani lake ni la mviringo, hulala juu ya maji, nalo lina mpasuko mmoja utokao ukingoni hadi mahali linaposhikana na kikonyo. Ua lake husimama peke yake juu ya kikonyo chake. Baada ya kuchavushwa, ua huzama, na tunda huivia ndani ya maji likiwa limejaa mbegu ndogo nyingi.

Katika Afrika aina mbili zinajulikana zaidi. Ya kwanza ina maua ya buluu ambayo hufunguka asubuhi na kujifunga mchana. Ya pili ina maua meupe ambayo hufunguka usiku na kujifunga asubuhi. Viazi na mbegu za aina zote mbili huliwa, na katika sehemu nyingine hata vikonyo vichanga hupikwa kama mboga. Kuna basi vyakula viwili au vitatu ndani ya mmea mmoja, na kila kimoja kina majira yake: mbegu hukusanywa tunda linapoiva, na viazi huchimbwa maji yanapopungua.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mfasiri asiyejua umbo la mmea hana njia ya kujua kama jina alilolipata ndilo. Kamusi humpa neno, lakini haimpeleki bwawani.

Chakula cha bonde la Nile

Habari za kale zilizo wazi kabisa juu ya kuliwa kwa mmea huu zatoka Misri. Mwanahistoria Myunani Herodotus, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza katika kitabu cha pili cha Historia yake jinsi watu wa nchi ya vinamasi walivyoishi. Mto ulipojaa na kuyafunika mashamba, mimea mingi ya aina hii iliota majini. Watu waliichuma, wakaikausha juani, kisha wakaitwanga ile sehemu ya katikati ya ua, ambayo aliifananisha na kichwa cha mkasumba, wakafanya mikate na kuioka kwa moto. Alisema pia kwamba kiazi chake kililiwa, kilikuwa cha mviringo, ukubwa wa tofaa, na chenye utamu kiasi.

Baadaye kidogo Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle na mwandishi wa vitabu vya kwanza vikubwa juu ya mimea, alirudia habari hizo kwa uangalifu zaidi. Alieleza kwamba vichwa vya mmea vilirundikwa pamoja mpaka maganda yakaoza, kisha vikasafishwa mtoni ili mbegu zitengane na maganda. Mbegu zilikaushwa, zikatwangwa, zikafanywa mikate. Msomaji wa pwani ataifahamu kazi hiyo mara moja, kwani haiko mbali na ile ya kuyafukia makumbi ya nazi katika tope la bahari ili yaoze na kuacha nyuzi. Kuhusu kiazi, Theophrastus alisema kwamba kiliitwa korsion, kwamba ganda lake ni jeusi na ndani ni cheupe, na kwamba kikichemshwa au kuchomwa hugeuka rangi ya kiini cha yai na kuwa kitamu.

Ni muhimu kuona kwamba waandishi hao wawili hawakuueleza mmea huo kama chakula cha msiba. Waliueleza kama sehemu ya maisha ya kila mwaka. Mafuriko yalileta samaki, na yalileta mikate pia.

Wamisri wenyewe waliupa mmea huu cheo kikubwa. Uliwekwa mikononi mwa wafu na wa walio hai katika michoro ya makaburini, nguzo za mahekalu zilichongwa kwa umbo lake, na mungu Nefertem alihusishwa na ua hilo, ambalo hufunguka pamoja na jua. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilipatikana sanamu la kichwa cha mfalme huyo kikichomoza katika ua. Jambo lililotuvutia sisi zaidi ni dogo kuliko hayo: katika maandishi ya Kimisri, alama ya hesabu ya elfu moja ni mchoro wa mmea huu. Karani aliyehesabu ng'ombe au vibaba vya nafaka aliuchora kila alipofika elfu.

Safari ya majina

Wayunani waliuita mmea huo lotos, na hapo ndipo matatizo ya wafasiri yalipoanza, kwa sababu neno hilo halikuwa la mmea mmoja. Katika Odisi ya Homer wako watu walao lotos ambayo humsahaulisha mgeni kwao. Wataalamu wengi huihusisha lotos hiyo na mti wa nchi kavu wa Afrika ya Kaskazini, wa jamii moja na mkunazi wetu. Mfasiri atakayeandika kwamba watu wa Homer walikula mayungiyungi atakuwa amewatoa chini ya mti na kuwaingiza bwawani.

Tena Herodotus mwenyewe, baada ya kuieleza lotos ya kwanza, alitaja mmea mwingine wa mtoni ulio na maua kama mawaridi na tunda mithili ya sega la nyigu, lenye mbegu za ukubwa wa kokwa ya zeituni. Huo ni ule mmea mtukufu wa Bara Hindi na wa Mashariki ya Mbali, uitwao kitaalamu Nelumbo nucifera. Inasadikiwa uliingia Misri katika enzi ya utawala wa Waajemi, walioiteka nchi hiyo mwaka 525 kabla ya Kristo. Jani lake halina mpasuko, nalo huinuka juu ya maji kama mwavuli. Shina lake la chini, lenye matundu marefu ndani, huliwa sana China, Japani na India.

Hata sayansi ilichukua muda kuyatenganisha hayo. Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuita mmea mweupe wa Misri Nymphaea lotus, akauweka ule wa Bara Hindi katika jamii hiyohiyo ya Nymphaea, kisha akalitumia neno Lotus peke yake kwa mimea midogo ya nchi kavu ya ukoo wa kunde. Miaka 10 baadaye Mfaransa Adanson aliutenga mmea wa Bara Hindi, akaupa jamii ya Nelumbo. Ule wa buluu wa Misri ulipewa jina Nymphaea caerulea na Savigny, mtaalamu aliyefuatana na jeshi la Napoleon lililoingia Misri mwaka 1798. Na ulipoanza uchunguzi wa chembe za urithi mwishoni mwa karne ya 20, ilidhihirika kwamba Nelumbo na Nymphaea si ndugu hata kidogo. Zimefanana kwa sababu zimeishi mahali pamoja.

Jina la Kimisri nalo lilikuwa na safari yake. Wamisri waliliita ua hilo kwa neno ambalo wataalamu hulisoma seshen. Neno hilo lilipita katika Kiebrania likawa shoshana, likaingia katika Kiyunani kama jina la mwanamke, na hatimaye likatufikia sisi katika jina la Susana. Wako basi kina mama wengi katika Afrika Mashariki wanaobeba jina la mmea huu bila kujua.

Hapa mfasiri ana somo la kujifunza. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union Version walipofika kwenye neno hilo la Kiebrania katika Wimbo Ulio Bora walitumia "nyinyoro", mmea wa nchi kavu wenye kitunguu ardhini. Mtu anayefuata asili ya neno angeweza kuwalaumu kwamba walipaswa kuandika yungiyungi. Sisi hatuwalaumu. Wimbo huo wazungumzia ua la mabondeni lililo kati ya miiba, na miiba haioti katikati ya bwawa. Neno lilikuwa limekwisha kuhama kutoka majini hadi nchi kavu kabla ya kumfikia mfasiri. Asili ya neno ni jambo moja, na maana yake mahali linapotumika ni jambo jingine. Mkuza istilahi hana budi kuyajua yote mawili na kutoyachanganya.

Lipo pia jirani wa yungiyungi ambalo haifai kulipita kimya. Herodotus alieleza kwamba watu haohao wa vinamasi waling'oa mafunjo, wakakata sehemu ya juu kwa kazi nyingine, na ile ya chini, kiasi cha dhiraa moja, wakaila au kuiuza. Na waliotaka utamu wake kamili waliioka katika tanuri la moto. Mmea huohuo ndio ulioipa dunia ya kale kitu cha kuandikia. Wayunani walikiita khartes, Waarabu wakasema qirtas, nasi twasema karatasi. Na neno "waraka" asili yake katika Kiarabu ni jani. Kwa hiyo ule waraka wetu ulioamuru chakula cha majini king'olewe ulikuwa umeandikwa, kwa jina lake na kwa jina la kilichouchukua, juu ya mimea.

Yungiyungi katika Kiswahili

Kiswahili hakikuazima jina la mmea huu. Yungiyungi ni neno la wenyeji, nalo lina mwenzake "toro", linalotumika pia kwa mimea ya aina hii. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotokana na kazi ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inalo neno yungiyungi, na inalitambulisha kwa ua lake la buluu. Huko Ulaya nako mmea wa visiwa vyetu ulikuwa umekwisha kujulikana: mwaka 1877 mtaalamu wa Kijerumani, Robert Caspary, aliupa jina Nymphaea zanzibariensis, kwa heshima ya Zanzibar.

Lakini angalia namna mmea huu unavyotambulishwa. Kinachotajwa ni ua. Mtunga kamusi mgeni alilitazama bwawa kutoka ukingoni, na kutoka ukingoni kinachoonekana ni ua. Kiazi kiko topeni, na hukijua yule anayeingia majini kukichimba. Fasili ya namna hiyo si ya uongo, ila ina upungufu. Mfasiri aliyeipokea amepokea rangi, na rangi si alama ya kutosha. Mimea mingi ya majini ina maua ya buluu.

Lugha yetu yenyewe ina njia bora zaidi ya kuyapanga mambo haya. Tunasema mchungwa kwa mti na chungwa kwa tunda, mkunazi na kunazi, mnazi na nazi. Ngeli hutuwezesha kutenga mmea na kile unachozaa bila kuongeza neno. Kwa mantiki hiyohiyo inafaa kusema "myungiyungi" kwa mmea mzima na "yungiyungi" kwa ua, halafu "kiazi cha yungiyungi" na "mbegu za yungiyungi" kwa vyakula vyake. Katika orodha yetu ya zamani tulikuwa tumeandika neno moja tu, bila mmea, bila kiazi, bila mbegu. Orodha ilikuwa fupi na ya kupendeza, na ndiyo maana ilipotosha.

Mgeni wa Ziwa Victoria

Mmea uliokusudiwa na waraka ule asili yake ni Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon. Ulisafirishwa katika nchi nyingi kama pambo la bustani, kwa sababu ya maua yake. Katika Ziwa Victoria ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muda wa miaka michache ulikuwa umeziba ghuba na bandari. Mnamo mwaka 1998 ilikadiriwa kwamba ulikuwa umefunika takriban hekta 20,000 za ziwa hilo. Mitumbwi ilishindwa kutoka, nyavu zilinasa, mitambo ya maji iliziba, na samaki walikosa hewa katika maji yaliyofunikwa. Nchi tatu za ziwa zilitumia mikono ya wananchi, mashine, na fukusi maalumu wanaoula mmea huo, ambao waliachiwa Uganda kuanzia mwaka 1995 na baadaye Kenya na Tanzania. Mmea ulipungua sana, lakini haukwisha. Umekuwa ukirudi kila maji yanapopata rutuba ya kupita kiasi.

Wananchi wa ziwani hawakungoja kamati yoyote. Waliuita gugumaji, na kwa wingi magugumaji. Jina hilo lina sifa zote za istilahi njema: ni fupi, linatamkika, linaeleza mahali mmea unapoota, na linaeleza hukumu ya watu waliougua kwa ajili yake. Kwa nini basi mfasiri aliliacha akachukua yungiyungi? Sababu ni kwamba hakuwa akitafsiri mmea. Alikuwa akitafsiri jina la Kiingereza, na jina hilo linautaja mmea kwa kuulinganisha na ua la bustani za Ulaya. Aliona ua na maji, akatafuta katika Kiswahili ua la majini, akalipata.

Tofauti zenyewe si ngumu kuziona. Gugumaji huelea lenyewe na kuchukuliwa na upepo, ilhali yungiyungi limeshikwa na tope. Kikonyo cha jani la gugumaji kimevimba kama kibofu, cha yungiyungi ni chembamba na kirefu. Maua ya gugumaji hukusanyika mengi juu ya kikonyo kimoja, ua la yungiyungi husimama peke yake. Jani la gugumaji halina ule mpasuko. Mtoto wa shule ya msingi aliyeonyeshwa mara moja hatakosea.

Jina na njaa

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba hakuna tena mtu anayeishi kwa mayungiyungi. Sivyo. Katika delta ya Okavango, nchini Botswana, viazi vya yungiyungi huchimbwa na kupikwa pamoja na nyama, na chakula hicho, kiitwacho tswii, huheshimiwa na wenyeji kama chakula chao cha asili. Katika bonde la ndani la mto Niger, nchini Mali, mbegu na viazi vya mimea hiyo vimeliwa tangu zamani. Na katika vinamasi vikubwa vya mto Nile, nchini Sudan Kusini, mbegu zake hukaushwa na kusagwa unga, na viazi vyake huchemshwa.

Ilipofika Februari 2017, baa la njaa lilitangazwa rasmi katika sehemu za jimbo la Unity nchini humo. Vita vilikuwa vimewafukuza watu katika mashamba na mifugo yao, na wengi walikimbilia visiwani katikati ya vinamasi, ambako waliishi kwa samaki na mayungiyungi. Habari hizo zilienea duniani, na zilipoenea, namna ya kuzisimulia ikawa jambo zito. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika kwamba watu wanakula magugu na kuandika kwamba watu wanakula mbegu na viazi vya yungiyungi. Sentensi ya kwanza inamfanya msomaji aone watu waliokwisha kupoteza ubinadamu. Ya pili inamwonyesha watu wenye maarifa waliyorithi kwa wazee wao, ambao wamebakiwa na chakula kimoja tu kati ya vingi walivyokuwa navyo. Msiba ni uleule, na wala hatusemi kwamba chakula hicho kilitosha. Lakini sentensi ya pili ndiyo ya kweli.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Jumuiya hiyo. Taarifa za misaada, za kilimo na za hifadhi ya maji zitazidi kupita mikononi mwa wafasiri wetu. Mfasiri atakayeandika "gugu" mahali pa "yungiyungi" atakuwa amekifuta chakula katika hesabu ya vyakula. Atakayeandika "yungiyungi" mahali pa "gugumaji" atakuwa ameamuru king'olewe. Hayo ni makosa mawili yanayotazamana, na chanzo chake ni kimoja.

Neno "gugu" lenyewe linahitaji tahadhari. Mkulima huita gugu kila mmea ulioota asipoutaka. Hiyo ni hukumu ya shamba, wala si aina ya mmea. Mchicha ulioota wenyewe katikati ya mahindi ni gugu kwa mwenye mahindi, na jioni huwa mboga kwa mke wake. Katika mizani ya istilahi, neno la hukumu halifai kutumiwa kama jina mpaka wanaoishi na mmea huo wawe wamekwisha kuhukumu. Kwa gugumaji, wamehukumu. Kwa yungiyungi, walihukumu kinyume, zamani sana.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia tuliyoyaeleza, tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mambo yafuatayo.

Kwanza, neno "yungiyungi" (wingi "mayungiyungi") litumike kwa mimea ya jamii ya Nymphaea tu, na "myungiyungi" litumike panapohitajika kutofautisha mmea mzima na ua lake. Neno "toro" liendelee kutambuliwa kama kisawe.

Pili, neno "gugumaji" liachwe kwa ule mmea wa Amerika ya Kusini peke yake, wala lisitumiwe kwa kila mmea uotao majini. Panapokusudiwa mimea ya majini kwa jumla, iandikwe hivyohivyo: "mimea ya majini".

Tatu, kwa mmea wa Bara Hindi, Nelumbo, litumike neno la kuazima "lotasi". Lugha yetu haikuwahi kuona aibu ya kuonyesha kwamba kitu kimetoka mbali. Ndiyo maana tuna pilipili manga na kungumanga. Lakini mfasiri akutanapo na neno hilo katika vitabu vya kale vya Misri au vya Kiyunani, aulize kwanza ni mmea gani unaokusudiwa: yungiyungi, lotasi, au tunda la jamii ya kunazi.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, fasili ya mmea wowote unaoliwa itaje kwamba unaliwa, na itaje sehemu iliwayo. Fasili inayosema rangi ya ua na kunyamaza juu ya chakula imeandikwa kwa ajili ya mpita njia.

Hitimisho

Waraka ule hatimaye ulipigwa chapa ukiwa na neno "gugumaji". Kadi ya zamani katika sanduku letu la istilahi hatukuitupa. Tulilikata neno kwa mstari mmoja, tukaandika chini yake kadi tatu mpya, moja kwa kila mmea. Yule mwalimu mstaafu alipopita tena ofisini tulimwonyesha. Alizisoma moja baada ya nyingine, akairudisha ile ya yungiyungi, akasema: "Hii bado, wanangu. Hamkuandika kwamba kiazi huchimbwa maji yakipungua. Mtu akienda wakati wa mafuriko atazama." Tuliongeza.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Kwa mimea ya majini, giza ni lile tope la chini ambalo wengi wetu hatujaliingiza mikono. Walioliingiza wako vijijini, kando ya mito na maziwa, na wengi wao ni wazee. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu walio karibu nao, watuletee majina ya mimea iliwayo kama yanavyotamkwa huko, pamoja na sehemu iliwayo, majira yake na namna inavyotayarishwa. Kazi hiyo ifanywe mapema, wazee hao wakiwa bado nasi.